Jiwe Nyuma ya Tairi

Mwende,

Umeweka ufunguo wa gari juu ya Biblia ya susu wako kama mtu anayekula kiapo, ukasema, "Mwaitu, mimi na hii gari tumemalizana," ukatoka. Hata mlango hukufunga. Sasa kuku wameingia, mmoja amepanda juu ya sanduku lako la safari, na mimi sina nguvu ya kumfukuza. Nakusikia huko nyuma ya jikoni ukifua ile blauzi uliyoifua jana. Unaisugua kana kwamba ndiyo iliyokuaibisha mbele ya watu.

Ningekufuata, lakini nikikufuata tutagombana, na tukigombana nitapaza sauti, na nikipaza sauti na kusema "Mwende!" susu wako ataitika kutoka kwa kiti chake, "Nimefanya nini tena?" Hii ndiyo shida ya kumpa mtoto jina la mama mkwe. Tangu uzaliwe sijawahi kukugombeza nikamaliza. Naanza na wewe, namalizia kwa kumwomba msamaha yeye. Na wewe unajua, ndiyo maana ukiwa na makosa unapenda kwenda kukaa karibu naye ukimenya maharagwe.

Basi nimechukua karatasi. Karatasi huwezi kuikatiza. Nitaiweka ndani ya sanduku chini ya taulo, uisome ukifika kazini Nuu. Kama utafika Nuu.

Kwa sababu maneno uliyoniambia hapo nje bado yananizunguka kichwani. Ati kesho asubuhi hutaendesha gari mpaka barabara ya Mombasa kama tulivyopatana. Ati utafunga sanduku kwa mukwa, ukanda kwa paji la uso, uteremke nalo mgongoni kama mzigo wa kuni, upande basi. Na ukifika kwa hiyo zahanati ya kanisa utamwambia muuguzi mkubwa atafute mtu mwingine wa kuendesha. "Nitaosha vidonda, nitapima watoto, nitafagia. Kuendesha, hapana."

Mwende, kwani hiyo barua yao tulisoma wote wawili ama nilisoma peke yangu? Hawakutaka msichana wa kuosha vidonda tu. Wanao. Walitaka msichana wa kuosha vidonda ambaye pia anaweza kuleta dawa kutoka Mwingi na kumtoa mama wa uchungu kijijini usiku. Ndiyo maana walikuchukua wewe wakawaacha wale wengine wenye alama nzuri kukushinda. Jumatatu watakuweka kwa usukani wakuangalie. Ukikataa, Jumanne utakuwa hapa tena ukifua hiyo blauzi, na mwaka ujao utakuwa hapa, na blauzi itakuwa imeisha.

Acha niandike vile ilivyokuwa leo, kwa sababu najua wewe utaikumbuka vibaya zaidi.

Tulitoka vizuri. Ulishuka mteremko wa kanisa ukiwa na gia ya pili, gari imetulia, sikusema neno. Ulipita kona ya fundi wa viatu bila kugusa ua wake, na mimi mwenyewe huo ua naugusa. Halafu pale kwa mpando wa duka la Mzee Mutua ng'ombe wakavuka, ukasimama. Ni sawa, mtu hasukumi ng'ombe. Nikashuka na jiwe langu, nikaliweka nyuma ya tairi, nikapiga bodi kwa mkono ujue liko. Ng'ombe wakaisha. Ukawasha, ukaachia klachi kama mtu anayeachia nyoka, ikazima. Ukawasha, ikazima. Ikazima tena. Wale wanaume wa kwa duka wakatoka na vikombe vyao vya chai.

"Hiyo ni gari ama ni mbuzi inakataa kuvuka mto?" akauliza mmoja.

"Mama Mwende, mfungie kamba shingoni umvute!"

Nikawajibu, wewe hukusikia, nilimwambia yule wa kamba kwamba mke wake alishajaribu hiyo dawa kwake na hakuna mahali alipofika. Wakacheka. Lakini wewe ulikuwa umeshafungua mlango. Ukanipita mimi na jiwe langu bila kuniangalia, ukaja nyumbani kwa miguu. Uliacha gari katikati ya barabara, Mwende! Lori la machungwa linapiga honi nyuma, na mimi nimeinama hapo kama mtu anayetafuta shilingi.

Na leseni unayo! Yule mkaguzi wa Machakos alikupitisha. Kweli, uwanja wake ni tambarare kama sinia, lakini alikupitisha.

Gari nimeirudisha mimi. Iko hapo chini ya mparachichi, pua inaangalia juu barabarani, jiwe nyuma ya tairi kama kawaida. Ufunguo nimeutoa juu ya Biblia, nimeuweka hapa karibu na karatasi, ili neno la Mungu lisiingizwe katika mambo ya klachi.

Sasa sikiliza. Sitakuambia uombe kabla ya kulala wala uchemshe maji. Hayo utaambiwa na pasta na muuguzi. Nataka kukuambia habari ya mguu wako wa kushoto.

Huo mguu unaotetemeka juu ya klachi, nimeuona. Nauona kutoka nje ya dirisha, goti linavyochezacheza kama la mbuzi aliyezaliwa leo. Unafikiri ni wako. Huo mguu ni wangu, uliurithi.

Unakumbuka mimi nilivyoanza? Ulikuwa bado mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Mwethya wetu, hawa wanawake ninaochimba nao matuta mpaka leo, walikuwa wamenunua hii gari ikiwa tayari imechoka, ipeleke machungwa barabarani na wagonjwa hospitali. Tukaajiri dereva. Wa kwanza siku ya machungwa alikuwa anapeleka maarusi. Wa pili alisema hawezi kuambiwa na wanawake mahali pa kukata kona. Machungwa yakaozea kwa magunia. Ndipo Mama Kasyoka, mwenyekiti wetu, aliposimama na jembe mkononi akasema, "Sasa ataendesha mmoja wetu."

Wote wakatazama chini, vile watu hutazama chini pasta akitafuta wa kufunga mkutano kwa maombi. Halafu polepole wakanitazama mimi.

"Kwa nini mimi?"

"Wewe ndiye mdogo," akasema Mama Kasyoka. "Na ulifika darasa la tano. Utasoma vibao vya barabara."

"Huku Kilungu hakuna kibao hata kimoja!"

"Kikiwekwa, utakisoma."

Nikaanza hivyo. Mwalimu wangu alikuwa marehemu Mzee Ngui, dereva wa malori aliyestaafu kwa sababu ya macho. Alikuwa haoni mbali, lakini gari alikuwa anaisikia. Na usifikiri nilifundishwa peke yangu kama wewe, wewe unayeona aibu kwa ajili ya wanaume watano na chai. Gari ilikuwa ya mwethya, na kazi ya mwethya haifanywi na mtu mmoja wengine wakiwa nyumbani. Kwa hiyo wanawake wote walipanda nyuma. Kila siku ya mafunzo, wote! Wengine wakiimba, mmoja akiomba, na Mama Kasyoka akigonga paa la kebini kila akiona shimo ambalo mimi nimeshaliona. Nikizima wanasema "Aiii" kwa sauti moja, kama kwaya.

Siku ya kwanza ya kushuka mlima ndiyo nataka uijue, kwa sababu hii hadithi umeisikia kwa wengine na huwa wanaiharibu.

Mimi tangu utoto nimebeba maji na kuni kwa mukwa. Wewe pia. Mtu akiwa na mzigo mgongoni akishuka hii milima yetu anafanya nini? Anaegemea nyuma na kukita visigino, vyote viwili, kwa nguvu. Hufikirii, mwili unajua. Sasa tumefika juu ya mteremko wa kanisa, gari ikaanza kwenda, nikahisi uzito wa wale wanawake wote nyuma yangu, na mwili wangu ukasema, mzigo unakusukuma, kita. Nikakita. Mguu mmoja kwa breki, mwingine kwa klachi, nimeegemea nyuma mpaka kichwa kinagusa kioo cha nyuma. Breki zenyewe zilikuwa za uzee. Na ile injini iliyokuwa inatushika, nilikuwa nimeiachilia kwa mguu wangu mwenyewe. Tukaenda! Kila nilivyoogopa ndivyo nilivyokita, na kila nilivyokita klachi ndivyo gari ilivyopata uhuru. Mzee Ngui anapiga kelele, "Toa mguu wa kushoto! Toa mguu!" Mimi nasikia "mguu," naongeza mguu.

Tuliingia kwa shamba la nyasi za ng'ombe la mwalimu mkuu. Hakuna aliyeumia, nyasi zilikuwa ndefu. Halafu nikasikia Mama Kasyoka huko nyuma, "Hebu jihesabuni." Wakajihesabu. Akaja dirishani kwangu na nyasi kwa kitambaa cha kichwa.

Mzee Ngui akanigeukia. Nilitegemea matusi. Akaniuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, "Kwani nani alikuambia umeibeba? Hujaibeba hii kitu. Imekubeba."

Wakati huo sikuelewa. Nilifika nyumbani nikaingia kitandani nikasema naumwa. Susu wako akaniletea uji.

"Unaumwa wapi?"

"Kichwa, mwaitu."

"Hicho kichwa ndicho kilichoingia kwa shamba la watu?"

Akaweka uji chini, akaenda. Na mimi nikakaa kitandani siku nyingi kuliko wanavyojua wengi, nikingoja mguu uache kutetemeka ndipo nirudi. Hapo ndipo nilipopoteza wakati, Mwende, na hapo ndipo nakuona wewe ukitaka kuketi sasa. Nilidhani kuna asubuhi nitaamka bila woga, na hiyo ndiyo itakuwa siku ya kuendesha. Haikuja. Mpaka leo haijaja! Leo hii nikiwa na lori la machungwa nyuma yangu, wanaume wanaangalia, nilipanda kwa kiti ulichokiacha kikiwa bado na joto, na mguu ukatetemeka. Nikauacha utetemeke. Nimeuzoea tu, kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele. Huwezi kumhamisha, lakini ukilala unalala.

Umeingia sasa hivi. Umesema unatafuta kitana. Kitana kiko kichwani mwako, kwa nywele, nimekiona, sikusema. Umemfukuza kuku juu ya sanduku. Umeniuliza, "Unaandika nini?" nikasema, "Hesabu ya mwethya," ukasema, "Hesabu gani unaandika ukitabasamu?" Sikuwa natabasamu. Nilikuwa nakumbuka zile nyasi kwa kichwa cha Mama Kasyoka. Ukasimama hapo kwa meza muda mrefu kwa mtu ambaye ana kitana tayari, halafu ukatoka. Asante kwa mlango, wakati huu umeufunga.

Kitu kingine, na hiki ni cha huko unakoenda. Huku kwetu shida ni milima. Huko Nuu utacheka ukisikia mtu akiita kitu mlima, lakini kuna mito isiyo na maji, mchanga mtupu, na barabara inapita katikati. Mimi niliwahi kupeleka miche ya matunda kwa wanawake wa upande huo. Nilipofika kwa mto wa kwanza nikaona ule mchanga mweupe, mpana, ng'ambo ni mbali. Nikaingia. Katikati, woga ukanishika vizuri, nikasema, ngoja nisimame kidogo niombe.

Niliomba vizuri sana. Nilipofungua macho gari ilikuwa imeketi kwa mchanga mpaka ekseli.

Kulikuwa na wanawake wakichota maji kwa kisima cha mchanga, wakaja na matawi, wakasukuma, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. "Dada, kwani wewe huwezi kuomba ukienda?" Nimelichukua hilo swali maisha yangu yote. Pale kwa mchanga mtu anayesimama ili atulize moyo ndiye anayezama. Shika usukani taratibu, usiukaze, acha gari icheze kidogo chini yako, nenda. Ukiwa na la kumwambia Mungu, mwambie ukienda. Anasikia juu ya kelele ya injini.

Na sasa nakuja kwa ule mpando wa duka, kwa sababu najua ndio uliokukwaza, mengine yote unayaweza. Mimi pia ndio ulionikwaza. Nilikuwa nimejifunza kushuka, nimejifunza kona, lakini nikisimamishwa kwa mpando, basi. Kuondoka pale, mguu mmoja unatoka kwa breki, mwingine unainuka kwa klachi, mkono unaachia breki ya mkono, na gari nzima inataka kurudi nyuma. Kwa hiyo mwethya wakapanga mtu wa jiwe. Alikuwa Mama Kasyoka mwenyewe. Nikisimama tu, anaruka chini, anasukuma jiwe nyuma ya tairi, anagonga bodi. Na jiwe likiwa pale, hata mtoto anaondoka. Gari hairudi, huna haraka, unakanyaga mafuta kadiri unavyotaka, unapiga kelele na injini, unaenda. Nikawa naondoka vizuri sana. Watu wakasema, "Mama Mwende ameiva." Na mimi nikajiona nimeiva.

Halafu siku moja, machungwa yamejaa, tukasimama pale pale kwa duka. Nikangoja kugongewa bodi. Kimya. Nikaangalia kioo cha pembeni. Mama Kasyoka alikuwa ameweka lile jiwe kando ya barabara na kulikalia, amenyoosha miguu, anamenya chungwa.

"Jiwe!" nikamwita.

"Leo jiwe ni kiti," akasema.

Nilimchukia, Mwende. Nilisema maneno ambayo mshirika wa kanisa hasemi. Nikamwambia gari itarudi iwaue wote. Akawaambia wanawake washuke wakae upande wa juu, wakashuka, wakakaa kando kando yake kama watu wa mkutano, hata wimbo hawakuimba. Breki ya mkono imeshika. Mguu wangu unacheza. Nikawa peke yangu ndani ya hiyo gari kwa mara ya kwanza. Nikainua klachi kidogo, kidogo, kwa sababu sasa hakukuwa na jiwe la kunivumilia haraka yangu. Na hapo ndipo nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia siku zote za jiwe. Injini ilishuka sauti. Kidogo tu, kama mtu aliyekuwa anabishana halafu akakubali. Gari ikainua pua kidogo, ikatetemeka, ikakaa. Nikaachia breki ya mkono. Haikurudi nyuma! Ilikuwa imesimama kwa mpando, mzigo wote ndani, inangoja mguu wangu tu. Imenibeba. Ndipo nikaelewa neno la Mzee Ngui.

Ile sauti haiwezi kusikika jiwe likiwa nyuma ya tairi, kwa sababu ukiwa na jiwe husikilizi, unakanyaga tu na

Nimeweka kalamu chini kidogo. Nimetoka mpaka mlangoni nikaliangalia hilo jiwe kwa mparachichi, nikarudi.

Mwende, tangu mwezi wa Aprili nakufundisha, ni mara gani umesimama kwa mpando mimi nikakosa kuwa nyuma na jiwe? Kabla hata gari haijasimama vizuri mimi nimesharuka. Nimepasua sketi mbili kwa kuruka. Mkono mmoja jiwe, mwingine naugongea bodi, "Liko, usiogope, liko!" Nilikuwa najivuna. Nilikuwa nasema moyoni, mimi sikupata mama wa kunishikia gari, mwanangu amepata. Na leo nilipokuwa nimeinama pale, unazima, unazima tena, nilikuwa nakukasirikia kwa nini huondoki na jiwe lipo. Lipo! Hilo ndilo nililokuwa nakupigia kelele. Na wewe ulikuwa unakanyaga tu ukingoja mlio wangu kwa bodi, kwa sababu ndio mlio pekee niliokufundisha.

Sasa nani nimkasirikie? Hasira ninayo bado, imejaa mpaka hapa, na sina mtu wa kumpa. Nimempa kuku.

Usifikiri hii inakuondolea la kuacha gari barabarani. Hilo nitalisema hata mbele ya wakwe zako siku watakapokuja. Lakini la kuzima, nusu ni langu. Zaidi ya nusu. Nilikuzaa nikiwa na umri mdogo kuliko ulio nao sasa, nilikuwa sijui kitu, nikajifunza kuwa mama vile nilivyojifunza gari, watu wote wakiwa nyuma wanasema "Aiii." Mahali niliposhindwa kukupa kingine nilikupa jiwe. Ukijifunza kutembea nilikuwa nyuma. Ukienda shule nilikusindikiza mpaka darasa la sita, mpaka ukaniambia, "Mwaitu, rudi, wananicheka." Nikarudi, lakini nilijificha kwa kona nikakuangalia. Hukujua hilo. Sasa unajua.

Huko Nuu sitakuwa nyuma. Nimefikiria hata hilo, usicheke, nilimuuliza baba yako kwa barua kama ningeweza kwenda na wewe wiki ya kwanza, akanijibu kutoka Mombasa kwa mstari mmoja: "Kwani wameajiri wawili?"

Kwa hiyo nimekata shauri kuhusu kesho asubuhi. Nitapanda gari na wewe mpaka barabara ya Mombasa, kwa kiti cha pembeni, mikono yangu juu ya magoti. Kwa duka la Mzee Mutua utasimama hata kama hakuna ng'ombe. Wanaume watatoka na chai, na watoke. Sitashuka. Ukizima, utawasha. Ukizima tena, utawasha, basi litapita, kuna lingine saa nne. Mimi nitakuwa naangalia mbele. Kama nitafungua mlango, unipige mkono. Nakupa ruhusa, na susu ni shahidi, ingawa amesinzia. Na utasikiliza hiyo injini mpaka ikubali, hata kama

Ufunguo haupo.

Ulikuwa hapa kando ya karatasi, niliuona nikiandika mambo ya nyasi. Nimeinua Biblia, nimeangalia chini ya meza, nimemuangalia hata kuku. Huo ndio muda mrefu uliosimama hapa na kitana kichwani. Na kule nyuma ya jikoni kumenyamaza, sijui tangu saa ngapi.

Mlango wa gari umefungwa, nimeusikia. Ule wa upande wako wa dereva, unaolia.

Sitoki. Nimekaa. Mkono unaandika ili miguu isiende. Umewasha. Imewaka. Nasikia unaongeza mafuta, umeongeza mengi, punguza, umepunguza. Ikizima sitoki. Imezima. Susu ameamka anauliza nani anaua gari, nimemwambia, "Ni Mwende, ni wewe mwenyewe, mwaitu," ameridhika amelala tena. Umewasha. Mwende, hapo ulipo jiwe liko nyuma yako, ukitaka unaweza kukanyaga tu na kuruka mpaka barabarani kama siku zote, na mimi nitajua, nitasikia, na sitakulaumu, lakini

Injini iko chini, umeiacha ingurume tu. Unaniita. "Mwaitu!" Naendelea kuandika. "Mwaitu, kuja utoe jiwe lako hapa kwa tairi! Litoe kabisa, uende nalo mbali!"

Nakuja. Ngoja nimalize hili moja, kwamba siku ile Mama Kasyoka alipokalia lile jiwe, mimi nilipofika juu ya mlima niliangalia nyuma kwa kioo, na yeye alikuwa amesimama, chungwa limemwanguka, mikono yote miwili kwa mdomo, kumbe muda wote huo yeye ndiye aliyekuwa na woga kuliko

Nakuja, Mwende! Shika breki, nakuj